Ndigana, Hadubini na DNA: Jinsi Vimelea Vienezwavyo na Kupe Vinavyotambuliwa katika Damu ya Mifugo

Utangulizi

Kiswahili kina uhasama wa muda mrefu na kupe. Mtu asiyebanduka kwa mwenzake husemwa kuwa amemganda kama kupe. Katika siasa za Ujamaa nchini Tanzania, kupe lilikuwa jina la mnyonyaji, yaani yule aishiye kwa jasho la wengine. Hata hivyo, sitiari hizi zinamshtaki kupe kwa kosa lake dogo. Damu anayoifyonza ng'ombe ni hasara, lakini hasara kubwa zaidi ni kile anachokiacha mwilini anapofyonza. Kupe hutema mate huku akinywa damu, na ndani ya mate hayo huweza kuwamo vimelea ambavyo jicho haliwezi kuviona. Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Kwa ng'ombe, kimlacho ki damuni mwake.

Tuchukue mfano wa mfugaji mdogo mwenye ng'ombe wawili wa maziwa katika nyanda za juu za Kenya. Asubuhi moja anamkuta ndama wake amekataa kunyonya. Mwili wake una joto kali, manyoya yamesimama, na chini ya sikio pana uvimbe. Mfugaji anakimbilia duka la dawa za mifugo na kusema, "Ndama wangu ana ndigana." Muuzaji akiwa mwangalifu atamuuliza: ndigana ipi? Jibu litakalotolewa hapo ndilo litakaloamua ni chupa gani itakayoshushwa rafuni. Chupa ikiwa si yake, pesa zitakwenda na ndama atakwenda.

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi wanasayansi wanavyovitambua vimelea hivyo, kuanzia dalili zinazoonekana kwa macho, kupitia hadubini, hadi mbinu za kimolekuli zinazosoma chembechembe za urithi. Hoja yetu ni kwamba kila hatua katika safari hii ni hatua ya kuutaja ugonjwa kwa usahihi zaidi kuliko awali. Aidha, tutajaribu kuonyesha kwamba jina sahihi lililopatikana katika maabara halimfai mfugaji hadi limrudie katika lugha isiyompotosha. Hapo ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapoingia.

Jina Moja, Maradhi Mbalimbali

Wafugaji wanaotumia Kiswahili hutofautisha maradhi kadhaa yaletwayo na kupe. La kwanza ni ndigana kali, ambayo pia huitwa homa ya Pwani ya Mashariki. Chanzo chake ni kimelea cha seli moja kiitwacho Theileria parva. Mwenezaji wake mkuu ni kupe wa rangi ya kahawia apendaye kukaa masikioni, ambaye kwa jina la kisayansi huitwa Rhipicephalus appendiculatus. La pili ni ndigana baridi. Chanzo chake, Anaplasma marginale, si jamaa ya kimelea cha kwanza hata kidogo, kwa sababu hicho ni kiumbe cha jamii ya bakteria kinachoishi ndani ya seli nyekundu za damu. Mbali na kupe, ndigana baridi huweza kuenezwa na nzi wanaouma na hata sindano inayotumiwa kwa ng'ombe mmoja baada ya mwingine bila kusafishwa. La tatu ni ugonjwa wa kukojoa damu, uletwao na vimelea vya jenasi ya Babesia. Vimelea hivi hupasua seli nyekundu, na rangi ya damu hutokea katika mkojo. La nne ni maji moyo, ambao pia huletwa na bakteria, na huitwa hivyo kwa sababu maji hujikusanya katika mfuko unaouzunguka moyo.

Majina haya yalitokana na dalili, na kwa kweli yanadhihirisha jinsi wafugaji walivyokuwa makini kutazama. Wamaasai, kwa mfano, huiita ndigana kali oltikana, na neno hilohilo hutumika kwa malaria ya binadamu. Mtu asiyejua angedhani ni mkanganyiko. Lakini kimelea cha malaria na kile cha ndigana kali ni ndugu katika uainishaji wa viumbe. Vyote viwili hupelekwa mwilini na mdudu au kiumbe anyonyaye damu, vyote huingia katika seli, na vyote huleta homa. Jicho la mchungaji lilikuwa limeuona undugu huo. Isitoshe, msomaji atakuwa ametambua mfanano wa sauti kati ya oltikana na ndigana, jambo ambalo wanafunzi wa isimu historia wanaweza kulichunguza.

Hata hivyo, jina linalotokana na dalili lina mipaka yake. Neno ndigana limeyaweka chini ya paa moja maradhi mawili yenye vyanzo tofauti kabisa, na kuyatenganisha kwa vivumishi viwili tu, kali na baridi. Dawa nazo hazifuati nomino, zinafuata kivumishi. Ndigana kali hutibiwa kwa dawa kama buparvakuoni. Ndigana baridi hutibiwa kwa oksitetrasaiklini, ambayo ni dawa ya kuua bakteria. Ugonjwa wa kukojoa damu huhitaji diminazini au imidokabu. Ndama mwenye ndigana kali iliyokomaa akidungwa oksitetrasaiklini peke yake hatapona, hata akidungwa mara tatu. Ugonjwa huu haungoji, kwani ng'ombe asiyetibiwa huweza kufa ndani ya wiki tatu au nne tangu kuambukizwa, na siku nyingi kati ya hizo hupita kabla ya dalili yoyote kuonekana.

Kosa la Mtaalamu

Tusidhani kwamba mkanganyiko wa majina ni tatizo la watu wasiosoma. Mwaka wa 1897, daktari maarufu wa Ujerumani, Robert Koch, ambaye alikuwa amekwisha kugundua bakteria wa kifua kikuu, alichunguza damu ya ng'ombe mjini Dar es Salaam. Aliona ndani yake vimelea vidogo sana pamoja na vile vikubwa vya ugonjwa wa kukojoa damu. Akachukulia kwamba vile vidogo ni watoto wa vile vikubwa. Kumbe ng'ombe wale walikuwa na maambukizi mawili kwa pamoja.

Miaka michache baadaye kosa hilo lilijitokeza tena kwa gharama kubwa zaidi. Sotoka ilikuwa imefyeka mifugo ya kusini mwa Afrika katika miaka ya 1890, na vita kati ya Waingereza na Makaburu vya 1899 hadi 1902 vikaimaliza iliyosalia. Ili kujaza pengo hilo, ng'ombe waliletwa kwa meli kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Pamoja nao ukaja ugonjwa ambao wenyeji wa huko hawakuwa wameujua. Koch aliitwa Bulawayo mwaka wa 1903, na mwanzoni akauona kuwa ni aina kali ya ugonjwa wa kukojoa damu. Baadaye alitambua kwamba ni ugonjwa mwingine, akauhusisha na pwani ulikotoka. Mwaka wa 1904, Charles Lounsbury alithibitisha kwamba mwenezaji wake ni kupe wa kahawia. Mwaka huohuo Arnold Theiler, daktari wa mifugo mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Afrika Kusini, alikipa kimelea hicho jina la aina yake, parva, neno la Kilatini lenye maana ya kitu kidogo. Jina la jenasi, Theileria, lilitolewa baadaye kwa heshima yake.

Kwa hiyo neno "Pwani" katika jina la ugonjwa huu linahifadhi kumbukumbu ya safari ya meli. Halimaanishi kwamba ndigana kali hukaa pwani tu. Popote kupe wa kahawia anapostawi, kuanzia Kenya na Uganda hadi Zambia, ugonjwa huu unaweza kuwapo. Funzo kubwa zaidi ni kwamba mtaalamu mwenye hadubini bora ya wakati wake aliona vimelea kwa macho yake na bado akakosea jina. Kuona si kutambua.

Hadubini Inachokiona na Isichokiona

Ili kuelewa ni kwa nini hadubini hukwama, yafaa tufuate safari ya Theileria parva. Kupe wa kahawia hupitia hatua tatu baada ya kuanguliwa: kiluwiluwi, tunutu na kupe mpevu. Katika kila hatua hunywa damu ya mnyama mmoja, huanguka chini, na hujibadilisha kabla ya kupanda juu ya mnyama mwingine. Akinywa damu yenye vimelea akiwa kiluwiluwi au tunutu, huviambukiza katika hatua inayofuata. Vimelea havitoki kwa kupe jike kwenda katika mayai yake, tofauti na vile vya Babesia ambavyo hurithishwa kwa njia hiyo. Aidha, vimelea huhitaji siku kadhaa ndani ya tezi za mate za kupe aliyeanza kunywa ili vikomae. Ndiyo maana kumwondoa kupe mapema, kwa mkono au kwa josho, huweza kuzuia ugonjwa.

Vikishaingia mwilini, vimelea huvamia seli nyeupe za kinga. Badala ya kuziua, huzichochea zigawanyike bila kikomo, navyo hugawanyika pamoja nazo. Uvimbe aliouona mfugaji wetu chini ya sikio la ndama ni tezi iliyojaa seli hizo. Baadaye baadhi ya vimelea hutoka na kuingia katika seli nyekundu, na hapo ndipo kupe mwingine huvinywa na kuanza mzunguko upya.

Daktari wa mifugo huweza kuchoma tezi hiyo kwa sindano, akapaka majimaji yake juu ya kioo, akayatia rangi ya Giemsa na kuyatazama. Akiona vimelea ndani ya seli nyeupe za ng'ombe mwenye homa na uvimbe, ana ushahidi mzito wa ndigana kali. Njia hii ni rahisi na hutoa jibu siku hiyohiyo. Kwa ndama mgonjwa leo, bado ndiyo msaada wa karibu zaidi.

Lakini kuna mambo mawili ambayo hadubini haiwezi. Kwanza, haiwezi kutofautisha vyema vimelea jamaa vinapokuwa ndani ya seli nyekundu. Katika damu ya ng'ombe wa Afrika Mashariki hupatikana pia Theileria mutans, Theileria velifera na Theileria taurotragi, ambavyo kwa kawaida havina madhara makubwa kama parva. Vikiwa katika seli nyekundu, mtazamaji huona vidoa vinavyofanana mno. Anaweza kusema "Theileria" kwa uhakika, lakini asijue kama amemwona muuaji au jirani yake mpole. Pili, hadubini haiwaoni walio wachache. Ng'ombe aliyepona ndigana kali huweza kubaki na vimelea vichache kwa muda mrefu huku akila, akinenepa na kutoa maziwa. Mtaalamu anaweza kutazama kioo hadi macho yamchonyote asione hata kimoja. Kupe akimnywa ng'ombe huyo, hata hivyo, huweza kuvipata.

Kuisoma Herufi ya Urithi

Hapa ndipo mbinu za kimolekuli zinapotufaa. Kila kiumbe hubeba ndani ya seli zake maelezo ya urithi yaliyoandikwa kwa DNA, kwa alfabeti yenye herufi nne tu: A, T, G na C. Kitabu cha Theileria parva kilisomwa chote na matokeo yake kuchapishwa mwaka wa 2005 kwa ushirikiano wa watafiti wa Marekani na wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, yenye makao makuu jijini Nairobi. Ilibainika kwamba kina takriban herufi milioni 8.3, zilizopangwa katika kromosomu nne. Katika kitabu hicho mna mafungu ya maneno yasiyopatikana katika kitabu cha ng'ombe wala cha kimelea kingine. Ukilipata fungu kama hilo katika damu, umempata mwenyewe.

Ugumu ni kwamba tone la damu lina DNA nyingi mno ya ng'ombe na chembe tu ya DNA ya kimelea. Ni kama kutafuta mstari mmoja katika maktaba nzima. Suluhisho lilibuniwa na Mmarekani Kary Mullis mwaka wa 1983, naye akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka wa 1993. Mbinu yake huitwa mmenyuko mfululizo wa polimerasi, au kwa ufupi PCR. Badala ya kuutafuta mstari huo katika maktaba, mbinu hii huunakili mara nyingi hadi maktaba yote ijae nakala zake.

Kazi huanza bomani. Damu hutolewa katika mshipa na kutiwa katika kichupa chenye kemikali ya kuizuia isigande. Kemikali ifaayo ni EDTA, kwa kuwa heparini, ambayo pia huzuia kuganda, huvuruga mmenyuko. Katika maabara seli hupasuliwa, na DNA husafishwa ili kuondoa hemoglobini, kwani rangi hiyo nyekundu ya damu nayo huuzuia mmenyuko. Kisha DNA huchanganywa na herufi huru za kujengea nakala, kimeng'enya kiitwacho polimerasi, na vianzishi, yaani vipande viwili vifupi vya DNA vilivyotengenezwa ili vishikamane na mwanzo na mwisho wa fungu linalotafutwa.

Mchanganyiko huo huwekwa katika mashine inayobadilisha joto kwa zamu. Kwenye nyuzi 95 za Selsiasi hivi, nyuzi mbili za DNA huachana kama zipu inayofunguliwa. Joto likishuka hadi kati ya nyuzi 50 na 60, vianzishi hujishikiza mahali pake, ikiwa pahali hapo papo. Likipanda hadi nyuzi 72, polimerasi hujenga nakala mpya kuanzia penye vianzishi. Polimerasi hii haiharibiwi na joto kwa sababu asili yake ni bakteria aitwaye Thermus aquaticus, aliyegunduliwa katika chemchemi za maji moto za Yellowstone nchini Marekani.

Kila duru huzidisha idadi ya nakala mara mbili. Moja huwa mbili, mbili huwa nne, nne huwa nane. Baada ya duru 10, ikiwa kila duru imefanikiwa, nakala huwa 1,024. Baada ya duru 20 hupita milioni moja. Na baada ya duru 30 hupita bilioni moja. Nakala hizo hupitishwa kwa nguvu za umeme katika jeli, hutiwa rangi, na kuonekana kama mstari mmoja unaong'aa. Kwa Theileria parva, fungu linalotafutwa mara nyingi ni sehemu ya jeni iitwayo p104. Mstari ukitokea mahali panapostahili, kimelea kimejitaja chenyewe.

Ni muhimu kutaja kwamba uwezo huu mkubwa una hatari yake. Mbinu inayoweza kuzidisha chembe moja mara bilioni moja huweza pia kuzidisha uchafu wa chembe moja uliorushwa kutoka kichupa cha jirani. Kwa sababu hiyo, kila mara wataalamu huweka kichupa kimoja chenye DNA ya kimelea kinachojulikana, na kingine chenye maji matupu. Kichupa cha maji kikitoa mstari, matokeo yote ya siku hiyo hutupwa.

Vina vya Mwisho na Vina vya Kati

Vipi ikiwa mtafiti hajui anamtafuta kimelea gani, au anashuku kwamba viko vingi kwa pamoja? Mwaka wa 1999 ilielezwa mbinu ya kutambua aina nyingi za Theileria na Babesia katika jaribio moja. Msomaji wa ushairi ataielewa kwa urahisi. Katika shairi la arudhi, beti zote huweza kumalizikia kwa kibwagizo kimoja huku mishororo mingine ikibadilika kutoka ubeti hadi ubeti. Vivyo hivyo, vimelea hivi vyote vina jeni moja ambayo ncha zake zinafanana kama kibwagizo, lakini katikati yake pana sehemu inayotofautiana kutoka aina hadi aina. Vianzishi hushika ncha zinazofanana, kwa hiyo jeni za vimelea vyote hunakiliwa kwa mkupuo mmoja. Nakala hizo hupitishwa juu ya utando uliopandikizwa vitambuzi, kila kitambuzi kikiwa kimetengenezwa kushika sehemu ya kati ya aina moja tu. Panapong'aa ndipo lilipo jina.

Kwa kutumia mbinu za namna hii, watafiti wamegundua kwamba ng'ombe wenye kimelea cha aina moja pekee ni wachache kuliko ilivyodhaniwa. Kati ya 2007 na 2010, mradi mmoja wa utafiti uliwafuatilia ndama 548 wa zebu katika eneo la Busia, magharibi mwa Kenya, kwa mwaka mmoja tangu kuzaliwa kwao. Ndigana kali ilikuwa miongoni mwa wauaji wao wakuu. Lakini uchambuzi uliochapishwa mwaka wa 2015 ulionyesha jambo la kushangaza: ndama waliokuwa wameambukizwa pia jamaa wapole wa Theileria walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kuuawa na parva. Yule jirani mpole ambaye hadubini ilimchanganya na muuaji, huenda ndiye anayemsaidia ndama kujikinga. Ukweli kama huu haungeweza kujulikana bila kuvipa vimelea hivyo majina tofauti.

Kupatikana si Kuugua

Baada ya sifa zote hizi, inafaa tutahadhari. PCR hujibu swali moja tu: je, DNA ya kimelea fulani imo katika damu hii? Haijibu swali la iwapo ng'ombe anaumwa. Ng'ombe aliyepona zamani huweza kutoa mstari uleule unaotolewa na ng'ombe anayekata roho.

Mfano mzuri ni chanjo ya ndigana kali. Katika miaka ya 1970, watafiti wa Muguga, karibu na Nairobi, walikamilisha njia ya kumdunga ng'ombe vimelea hai vya parva vilivyotolewa kwa kupe, na papo hapo kumdunga oksitetrasaiklini inayofanya kazi kwa muda mrefu. Dawa hiyo, ambayo tumesema haiponyeshi ugonjwa uliokomaa, huupunguza makali unapoanza, na ng'ombe hupata kinga ya kudumu. Chanjo hiyo, inayojulikana kama mchanganyiko wa Muguga, ina aina tatu za vimelea na huhifadhiwa katika nitrojeni ya maji. Imewafaa sana wafugaji, wakiwemo Wamaasai wa kaskazini mwa Tanzania. Lakini ng'ombe aliyechanjwa huweza kubeba vimelea vya chanjo kwa muda mrefu, na PCR ikavipata. Kumtibu kwa sababu ya mstari huo ni kumwaga pesa.

Kinyume chake pia ni kweli. Sampuli iliyochukuliwa mapema mno, au iliyoharibiwa na joto njiani, huweza kukosa kitu huku ng'ombe akiwa hatarini. Isitoshe, PCR huhitaji mashine, umeme wa kutegemewa na wataalamu. Majibu huweza kuchukua siku ambazo ndama hana. Mbinu nyingine, iliyobuniwa Japani na kuelezwa mwaka wa 2000, hunakili DNA katika joto moja tu la nyuzi 65 hivi, na inatoa matumaini ya kupeleka uchunguzi karibu na boma. Kwa sasa, hata hivyo, faida kubwa ya utambuzi wa kimolekuli haiko kwa ndama mmoja wa leo bali kwa kundi na kwa eneo: kujua ni vimelea gani vilivyopo, ni ng'ombe gani anayevibeba kimyakimya kabla ya kuuzwa mbali, na ni wapi chanjo inahitajika. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kazi ya mbinu hizi ni kuyafichua kabla kifo hakijafanya hivyo.

Jibu Linaporudi Bomani

Tufikirie sasa karatasi ya matokeo ikimrudia mfugaji. Mara nyingi imeandikwa kwa Kiingereza. Akibahatika kupata mtu wa kumtafsiria, huenda akaambiwa kwamba matokeo ya ng'ombe wake ni "chanya". Katika Kiswahili cha kila siku, mabadiliko chanya ni mabadiliko mema, na mtazamo chanya ni mtazamo wa kupongezwa. Mfugaji atatoka pale akitabasamu, na jirani yake aliyeambiwa "hasi" atarudi nyumbani kwa huzuni. Tafsiri ni sahihi kikamusi, lakini ujumbe umepinduka.

Tunapendekeza kwamba karatasi hiyo iseme tu: "Vimelea vya ndigana kali vimepatikana," au "havikupatikana." Kitenzi hiki kina uaminifu mkubwa. "Havikupatikana" hakusemi kwamba havipo. Kunasema kwamba vilitafutwa na havikuonekana. Aidha, tunahitaji kutofautisha kwa uthabiti kati ya ng'ombe mgonjwa, ng'ombe mbebaji na ng'ombe aliyechanjwa. Watatu hao huweza kuwa na mstari mmoja katika jeli, lakini kila mmoja anastahili uamuzi wake: wa kwanza atibiwe, wa pili achungwe asigawe vimelea kupitia kupe, wa tatu aachwe ale majani kwa amani.

Istilahi hizi haziwezi kubuniwa na daktari wa mifugo peke yake wala na mwanafunzi wa Kiswahili peke yake. Figa moja haliinjiki chungu. Mmoja anajua kitu, mwingine anajua neno, na mfugaji anajua yote mawili kwa namna yake, kwa kuwa ndiye aliyesema kali na baridi kabla yetu.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba utambuzi wa vimelea vya kupe umepitia ngazi tatu: jina la dalili, jina la umbo na jina la DNA. Hakuna ngazi iliyoifuta nyingine. Jicho la mfugaji ndilo la kwanza kuona kwamba ndama amekataa kunyonya. Hadubini ndiyo humjibu daktari siku hiyohiyo. Nayo mbinu ya kimolekuli huonyesha kilichojificha kutoka kwa wote wawili. Ikiwa maarifa hayo yatamfikia mfugaji wetu mapema, kwa maneno anayoyaelewa, siku atakaposimama mbele ya muuzaji wa dawa na kuulizwa "ndigana ipi?" atakuwa na jibu. Na huenda wakati huo ndama wake atakuwa ameshachanjwa, kiasi kwamba hatakuwa na haja ya kwenda dukani.